Siku Tatu Kwenye Lori la Mutinda

Kwa miaka kumi na minane ya ndoa yao, Nzisa hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya lori la mumewe. Si kwamba hakutaka. Mutinda alikuwa na msemo wake, ambao majirani wote wa ploti yao kule Kangemi waliujua: lori si sofa. Mke akiingia, alisema, dereva huanza kuendesha mazungumzo badala ya gari.

Nzisa alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule kwenye kibanda chake sokoni Kangemi, na wazazi walimtafuta kwa sababu kola zake hazikuwa zikijikunja hata baada ya mwaka mzima wa kufuliwa. Mutinda alisafirisha saruji na nondo kutoka duka la vifaa vya ujenzi la mzee Karanja, Industrial Area, akizipeleka kwenye mijengo ya Kileleshwa na Woodley. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi la saruji. Binti yao wa pekee, Becky, alikuwa shule ya bweni Machakos.

Jumapili moja, wametoka kanisani na wako mezani, Mutinda alisema bila kuinua uso kutoka kwenye sahani:

"Mama Becky, kesho usifungue kibanda. Twende kazi pamoja."

Nzisa akacheka. "Kazi gani? Ya kubeba saruji?"

"Ya kukaa tu. Oloo ameacha kazi. Shem amesema naweza kuja na mtu wangu siku chache kabla hajapata mwingine."

Shem alikuwa msimamizi wa yadi ya Karanja. Oloo alikuwa utingo wa Mutinda, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye alikuwa amefanya kazi naye miaka saba na kula Krismasi tatu kwenye meza hiyo hiyo.

"Oloo ameacha? Mbona hakuja kutuaga?"

"Si unamjua Oloo," alisema Mutinda, akaomba aongezewe mboga.

Nzisa alimjua Oloo, na Oloo aliyemjua hangeondoka bila kuaga. Lakini furaha ilikuwa imeshampanda kichwani. Jioni ile alimpigia simu Cate, ambaye mashine yake ya kushona ilikuwa pembeni ya yake, amwambie wateja warudi Alhamisi.

"Haiya! Wewe sasa ni wa kuzungushwa mjini na bwanako?" Cate alisema. "Na wangu hata kanisani ananiacha nyuma."

Jumatatu alipanda. Kidato cha kwanza cha lori kilikuwa juu ya goti lake, ikabidi Mutinda amsukume kwa nyuma, wapakiaji wa yadi wakipiga miluzi. Akavaa jaketi la kung'aa alilopewa na Shem, akafunga mkanda, akatazama nje. Alishangaa. Barabara aliyokuwa akiipita miaka yote, akijua matope yake na mabati ya kando yake, kutoka kule juu ilikuwa barabara nyingine. Aliona ndani ya nyua za watu. Aliona vipara vya wenye magari madogo kupitia vioo vyao vya juu. Walipopanda Uhuru Highway na kushika ya Westlands, alijikuta anaimba.

"Kushoto kuko sawa?" Mutinda aliuliza kila walipokaribia kukata kona au kubadili mkondo.

Nzisa alichungulia kupitia dirisha lake. "Kuko sawa. Hapana, ngoja, kuna pikipiki. Haya, imepita."

Aliupenda mchezo huo. Aliona ni kama watu wawili wakishona, mmoja akinyoosha kitambaa, mwingine akikanyaga mashine. Usiku alilala akisikia sauti ya mumewe ikiuliza, na yake ikijibu, na akajisemea kwamba huenda ndoa yao ilikuwa imechoka tu kwa sababu hawakuwahi kupewa kazi moja ya kufanya pamoja.

Jumanne, kule Woodley, Mutinda aligonga kioo cha pembeni cha lori kwenye nguzo ya lango la mjengo. Kilivunjika na kuanguka chini. Akateremka na kumfokea askari wa lango.

"Mzee, si nilikuwa nakupungia mkono?" askari alisema, amekasirika na pia ameshangaa. "Nimesimama hapa kushoto napunga, napunga, wewe unakuja tu!"

"Ulikuwa umejificha!"

Askari akamtazama Nzisa kana kwamba yeye ndiye angeamua. Nzisa alikuwa amemwona yule askari tangu walipoingia. Lakini Mutinda hakuwa amemuuliza chochote, naye alidhani jambo analoliona yeye haliwezi kumpita dereva wa miaka ishirini. Akanyamaza. Labda amechoka, alifikiri.

Jumatano walikwama kwenye foleni karibu na Museum Hill, wamebeba nondo za kupeleka Kileleshwa. Jua lilikuwa kali. Nzisa alimenya chungwa, akalikata nusu, akamnyoshea mumewe kipande. Mutinda hakukipokea. Alikuwa anatazama magari ya mbele, vidole vikigongagonga usukani.

"Hutaki?"

"Nini?"

"Chungwa, si hili."

"Chungwa gani?"

Mkono wa Nzisa ulikuwa hewani, shubiri moja tu kutoka bega lake. Alidhani ni utani. Akausogeza mbele kidogo. Mutinda aliendelea kutazama barabara. Akausogeza tena, polepole, matone ya chungwa yakidondoka kwenye suruali ya mumewe, na hapo ndipo Mutinda alipotazama chini kwenye suruali yake, akafuata matone kwa macho mpaka akakutana na mkono, akashtuka kama mtu aliyeguswa gizani.

"Aa, chungwa," alisema, akalichukua. "Dereva anaangalia mbele, Mama Becky."

Nzisa alifunga maganda kwenye leso. Mambo madogo madogo yalianza kumjia moja baada ya jingine: kikombe cha chai ambacho Mutinda alikiangusha mezani kwa kiwiko mara tatu mwezi mmoja, uvimbe wa paji la uso aliosema ni wa mlango wa lori, dada yake Nzisa aliyepitwa pale steji bila salamu, akakasirika mpaka leo, akisema shemeji yake amekuwa na maringo. Alimtazama mume wake kwa upande. Uso ulikuwa ule ule.

Foleni ikafunguka. Walifika Kileleshwa saa sita na nusu, saa ya watoto wa chekechea kurudi nyumbani. Mutinda alipunguza mwendo kuingia kichochoro chenye maghorofa pande zote.

"Kushoto kuko sawa?"

Mawazo ya Nzisa bado yalikuwa kwenye kikombe cha chai na uvimbe wa paji la uso. Hakujibu. Na Mutinda akakichukua kimya kile kuwa ndiyo, akakata kona.

Alichokiona Nzisa alipogeuka ni kofia ndogo ya bluu, chini kabisa, karibu na taa ya lori. Alipiga yowe ambalo hakulijua kuwa ni lake. Breki zikashika, nondo zikagongana nyuma kwa kishindo, lori likatikisika na kusimama.

Aliruka chini bila kutafuta kidato. Msichana wa miaka minne hivi alikuwa amesimama mdomo wazi, na kati ya uso wake na bampa palikuwa na upana wa kiganja. Mfanyakazi wa nyumba aliyekuwa amemtoa shule alikuwa ameketi kando ya barabara. Alikuwa amejaribu kumvuta mtoto kwa sweta, mkono wa sweta ukang'oka begani, na sasa alikuwa ameushikilia peke yake kwa mikono miwili. Nzisa akautazama ule mshono uliofumuka, nyuzi zikining'inia. Ndicho kitu pekee macho yake yalichokubali kukitazama.

Kisha yule mwanamke akapata sauti. "Bwanako ni kipofu?" alipiga kelele. "Nakuuliza, mama, huyo ni kipofu?"

Nzisa alimshika mtoto, akampapasa kichwa, mikono, magoti. Mtoto alikuwa mzima. Ndipo akaanza kulia, na yule mwanamke akambeba, akaondoka naye karibu akikimbia, akigeuka nyuma kila hatua chache.

Nzisa alirudi kwenye lori. Mutinda alikuwa bado ameshika usukani.

"Ulipiga kelele za nini?" aliuliza. "Kulikuwa na mtu?"

Nzisa alikuwa ametegemea kumkuta analia, anatetemeka, anaomba Mungu msamaha. Mutinda hakuwa ameona chochote.

Alipanda, akafunga mlango, akazungusha ufunguo na kuuchomoa.

"Baba Becky. Unaona nini?"

"Naona vizuri."

"Tazama mbele hivyo hivyo. Mkono wangu uko wapi?"

Nyuma yao gari lilianza kupiga honi.

"Ninachokitazama nakiona," Mutinda alisema. "Hata namba ya lile gari pale naweza kukusomea. Lakini pembeni ni kama mtu ameshona pazia. Kushoto zaidi. Daktari alisema ni presha ya macho."

"Daktari alisema lini?"

"Mwezi wa pili."

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mutinda alifungua kisanduku cha mbele ya goti la Nzisa. Chini ya karatasi za mizigo kulikuwa na chupa mbili za matone ya macho, moja bado haijafunguliwa.

"Na Oloo alijua?"

"Oloo ndiye alikuwa ananiangalilia. Halafu akasema amechoka. Akaniambia, 'Mutinda, siwezi kuua mtu kwa macho yangu, nikaitwa shahidi.'"

Hapo ndipo Nzisa alipoelewa kwa nini lori lililokuwa si sofa lilikuwa limemfungulia mlango. Siku tatu zile za kuimba na kuchungulia, hakuwa mke aliyetolewa matembezi. Alikuwa jicho. Na hakuna aliyemwambia, ili ajue uzito wa neno "kuko sawa" kila alipolitamka huku akimenya chungwa.

"Mtoto alikuwa hapa," alisema, akionyesha chini ya kioo cha mbele. "Ungemkanyaga, nami ningekuwa nimekaa hapa hapa."

Mutinda aliweka paji la uso kwenye usukani. Kisha akasema jambo ambalo Nzisa hajalisahau: "Mjengo ni ule pale. Wacha nishushe hizi nondo tu, halafu tutaongea."

Nzisa aliteremka akiwa na ufunguo mkononi. Akasimama mbele ya lori katikati ya kichochoro, wenye magari wakimtukana, akampigia Shem. Alisema yote: macho, Oloo, mtoto. Shem alifika kwa pikipiki baada ya dakika arobaini, akiwa na dereva mwingine, Njuguna, kijana aliyesifika pale yadi kwa kasi yake. Njuguna alichukua ufunguo, akapanda, akaondoa lori. Mutinda alisimama kando ya ukuta, jaketi la kung'aa mwilini, kama mtu aliyesahauliwa na gari la kazi.

Walitembea kwa miguu kutoka Kileleshwa mpaka Kangemi. Hawakuongea njia nzima, wala siku nane zilizofuata. Mutinda alikula, akalala, akageukia ukuta. Ndugu zake walimpigia Nzisa na kumwuliza ni mke gani anayemchongea mumewe kazini. Yeye naye alikuwa na hasira ambayo haikupata pa kutulia. Akiwa kwenye mashine, aliona kofia ya bluu, mguu ukaganda juu ya kikanyagio, Cate akalazimika kumwita mara mbili.

Siku ya tisa Mutinda alimkuta anavaa viatu. "Leo ni kliniki," alisema. "Utanisindikiza?"

Kliniki walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli jeupe, wakampa kitufe. Kila akiona nukta ya mwanga, abonyeze. Nzisa alikaa nyuma yake kwenye stuli. Alisikia kitufe: tak. Tak. Kisha kimya. Alijua nukta zinaendelea kuwaka ndani ya lile bakuli, kwa sababu mashine ilikuwa inanong'ona, lakini mkono wa Mutinda ulitulia kwenye paja. Kimya kikarefuka mpaka akataka kumbonyezea yeye. Tak. Tena kimya. Alifunika uso kwa leso. Daktari aliwaambia kwamba kilichopotea hakirudi; kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa matone kila siku na upasuaji mdogo, na kwamba asiguse usukani tena maisha yake.

"Kila siku," daktari alirudia, akimtazama Mutinda. "Siyo ukikumbuka."

Mzee Karanja hakumfukuza. Alimweka stoo, awe anapokea mizigo. Lakini alikuwa ameshtuka, na akaamuru madereva wake wote sita wapimwe macho kabla ya mwisho wa mwezi. Watano walirudi na vyeti. Wa sita alikuwa Njuguna, kijana wa miaka thelathini na mbili, ambaye siku ile Kileleshwa alipanda lori mbele ya macho yao wote na kuliondoa kwa kasi. Jicho lake la kulia lilikuwa karibu kwisha. Na yeye hakuwa anajua kabisa.

Shem alipoleta habari hiyo, Nzisa alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda, kati ya vipande vya kitambaa. Alikuwa ameutoa ufunguo mkono mmoja usioona na kuutia katika mkono mwingine usioona.

Jumapili walikwenda kwa Njuguna, Uthiru. Mkewe, Nyokabi, aliwafungulia mlango akiwa amebeba mtoto mchanga, akasema mumewe amejifungia chumbani tangu Ijumaa, hataki kuongea na mtu. Nzisa alimpokea mtoto. Mutinda alipapasa ukuta wa kushoto mpaka akaufikia mlango wa chumba, akavuta kigoda, akakaa.

"Njuguna," alisema. "Ni Mutinda. Mimi nilificha miezi minane. Karibu niue mtoto wa watu, na mke wangu akiwa kando yangu hajui. Usifungue kama hutaki. Nitakuambia tu vile ilikuwa."

Akaanza kusimulia. Alisimulia na yale ambayo Nzisa mwenyewe hakuwa ameambiwa: kwamba mara mbili kabla ya siku ile alikuwa amesikia kitu kikigonga ubavu wa lori, na hakusimama kutazama.

Nzisa aliacha kumbembeleza mtoto. Jikoni, Nyokabi alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Upande wa pili wa mlango, kitanda kililia, kama mtu ameketi ili asikie vizuri.