Boksi la Tano

Siku ya tatu Taipei, na Chi-hang bado hajasema. Bi Yuk-lan alikaa mbele ya bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe, mvuke ukimpiga usoni, akangoja. Ndege ya kuwarudisha Hong Kong ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kilichobaki ni mlo huu, hekalu, na duka la keki.

"Mama, inua vijiti kidogo. Tazama huku," mwanawe Chi-hang alimwambia, simu mkononi.

"Tambi zinapoa. Juzi umenipiga picha na mnara, jana na maandazi ya mvuke, leo tambi. Unataka kunibandika ukutani?"

"Za ukumbusho tu, Mama."

"Ukumbusho wa nani? Nimekufa?"

Wing-sze, mke wa Chi-hang, alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Binti yao wa miaka sita alikuwa amezama ndani ya bakuli lake, hana habari. Yuk-lan aliinua vijiti akatazama simu, kwa sababu ukimkatalia mtu mzima jambo dogo namna hiyo atadhani umekasirika, na akidhani umekasirika ndiyo kabisa hatasema.

Kwa mwezi mzima alikuwa anajua kwamba wanahamia Uingereza. Hawakumwambia wao. Aliyemwambia ni Fan, mlinzi wa jengo lao, aliyemfungulia mlango siku moja akamwuliza kwa furaha zote, "Bi mkubwa, na wewe unakwenda nao, au?" Jambo likishafika kwa mlinzi wa mlangoni, huna haja ya gazeti. Yuk-lan alijikaza akajibu, "Bado tunalizungumza." Akapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na tisa, akakuta piano haipo, akaambiwa imepelekwa kutengenezwa. Akasema sawa, akaketi kumenya machungwa.

Na ieleweke kwamba hakutaka kwenda. Angefanya nini Uingereza na magoti yale? Majivu ya mumewe yako Hong Kong, kwenye kijishimo chake katika ukuta wa makaburi, na kila mwezi wa nne lazima mtu aende kumpangusa vumbi na kumpelekea machungwa. Jibu alikuwa nalo tayari, amelifanyia mazoezi bafuni maji yakimwagika: "Nendeni, mwanangu. Mimi ni mti mkavu, ukining'oa hapa sitashika kwingine." Lilikuwa jibu zuri, hata yeye mwenyewe lilimliza kidogo. Alichotaka ni kuulizwa, basi, ili akatae. Lakini mtu atakataaje ambacho hajaombwa?

Utasema, si angeuliza mwenyewe? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Labda, lakini hao wahenga hawakumlea Chi-hang. Yuk-lan alisukuma kigari cha vitafunio miaka ishirini na sita katika mkahawa mmoja wa Sham Shui Po, akipaza sauti ukumbi mzima: "Kamba wa mvuke! Miguu ya kuku! Mbavu, mbavu za moto!" Walevi, wabishi, wazee wa kunywa chai kutwa nzima, hakuna meza iliyomshinda. Nyumbani ndiko alikokuwa bubu. Mumewe alipougua ini, Chi-hang alikuwa anafanya mtihani wa kidato cha tano, naye akamwambia mtoto kwamba baba amepata kazi Macau. Mtoto alimaliza karatasi ya mwisho Ijumaa, akapelekwa hospitali Jumamosi, na Jumapili baba akafariki. Chi-hang hakumlaumu hata siku moja. Alijifunza tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikua vilevile.

Hekaluni Lungshan kulikuwa na moshi wa ubani na watu wa kukanyagana. Yuk-lan aliwaacha wenzake wakipiga picha za mazimwi ya paani, akajipenyeza hadi mbele ya sanamu ya Mama wa Huruma, akachukua vipande viwili vyekundu vya mbao vya kuagulia, bapa upande mmoja, mviringo upande wa pili. Kimoja kikilala bapa na kingine mviringo, ni ndiyo. Aliuliza moyoni: ataniuliza leo? Akaviachia.

Vyote viwili vikaonyesha bapa. Maana yake Mama wa Huruma anacheka.

Akarudia. Akachekwa. Mara ya tatu kimoja kilibingirika kidogo, kikampa matumaini, kisha kikaonyesha bapa kama mwenzake.

"Kuna nini cha kuchekesha?" alisema kwa sauti.

Mwanamke aliyekuwa akingoja zamu nyuma yake akaingilia, maana hekaluni kila mtu ni mganga. "Akicheka namna hiyo, dada mkubwa, ujue jibu unalo mwenyewe."

"Jibu ninalo," Yuk-lan alimwambia. "Kinachokosekana ni swali."

Ilipofika saa nane walikuwa kwenye duka la keki za nanasi, mlango haufungiki kwa watu. Mtu wa Hong Kong hathubutu kurudi kutoka Taipei mikono mitupu. Na keki hizo huli wewe uliyesafiri. Wewe umeshakula hukohuko ukashiba. Ni za waliobaki: wa ofisini, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mlinzi wa mlangoni. Miaka yote Chi-hang alirudi safari na maboksi kumi na mawili, kwa kuwa ofisini kwao walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao, bwana Fong, asipopata lake alinuna wiki nzima.

Leo alisimama katikati ya duka na kikapu kitupu, akionja kipande cha bure.

"Mbona huchukui?" Yuk-lan alimwuliza. "Fong atanuna."

"Safari hii hapana haja, Mama."

Basi. Kazi ameshaacha. Yuk-lan akashika ukingo wa rafu. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akaanza kuweka maboksi kikapuni. Moja, mawili, matatu, manne.

"Ya nani hayo, Mama?" Wing-sze aliuliza.

"Ya majirani."

"Majirani wepi?"

"Mtakaowakuta. Mtu akihamia mahali mikono mitupu ataitwa bahili. Hata Wazungu wana midomo, si watakula?"

Wing-sze akainamisha uso. Masikio ya Chi-hang yakawa mekundu, kama yalivyokuwa alipovunja bakuli akiwa mdogo.

"Mama," alianza.

"Ehe."

"Mama, mimi nili..."

Yuk-lan alingoja. Jibu lake lilikuwa limeshapanda hadi ulimini, mti mkavu na kila kitu. Alitamani kumsaidia, lakini kunyamaza huko alimfundisha yeye mwenyewe, na hakujua njia ya kumtoa. Akamgeukia muuzaji.

"Binti, hizi zinakaa siku ngapi?"

"Ishirini, dada mkubwa. Sisi hatutii dawa."

"Zitafika?" alimwuliza mwanawe.

Chi-hang alichukua boksi akasoma tarehe iliyopigwa mhuri ubavuni. Midomo yake ilicheza akihesabu.

"Zitafika, Mama," alisema polepole. "Zitabakiwa na siku sita."

Wiki mbili, kumbe. Yeye alidhani angalau mwaka mpya watakula meza moja. Alikuwa ameshaagiza samaki.

"Manne tu, dada mkubwa?" muuzaji aliuliza, mkono tayari kwenye mfuko.

"Manne."

Chi-hang akanyoosha mkono rafuni, akateremsha boksi la tano, akaliweka juu ya mengine.

"Hilo la nani?" Yuk-lan aliuliza.

"Lako, Mama." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Utakula polepole, nyumbani."

Siku tatu alikuwa amekwenda nao kila walikokwenda, amekula kila walichokula, yumo katika kila picha. Sasa anapewa keki. Lile jibu zuri la bafuni akalimeza likiwa zima.

Muuzaji alilitia boksi la tano katika mfuko wake peke yake. Yuk-lan akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," alisema. "Poleni na safari."