Shanga Tisini na Tisa za Fundi Shekhan

Hakuna aliyeshona makubadhi kama Shekhan bin Nur katika mji mzima wa Amu, na kwa miaka mitatu hakuwa ameyaona yake mwenyewe yakiwa miguuni. Tumbo lilikuwa limeziba njia. Akitaka kujua kama ukanda umekatika, ilimlazimu amwulize mkewe, Bi Swafiya.

Watu walimwita Bwana Gunia, naye akicheka nao, maana mnene akinuna huonewa zaidi. Lakini kulikuwa na jambo moja lisilomchekesha hata kidogo. Msikitini aliswali juu ya kigoda, nyuma kabisa. Safu nzima iliposhuka kusujudu, yeye alibaki amekaa peke yake, akainamisha kichwa kwa ishara, mbele yake nyayo za watu aliowashonea viatu. Mwalimu Badawi, imamu wao, alimwambia zaidi ya mara moja kwamba dini inamruhusu. Shekhan aliijua ruhusa hiyo. Alichotaka ni kuweka paji la uso kwenye mkeka kabla hajafa.

Mwaka wa 1954, baada ya Maulidi, magoti yalimvimba akaenda zahanati. Dresa aliyekuwepo, Amini, alikuwa ndiyo kwanza arejee kutoka mafunzoni Mombasa, na kichwa kimejaa mambo mapya. Aliyabonyeza magoti, akatikisa kichwa.

"Magoti haya hayana ndwele, Bwana Shekhan. Yana mzigo."

Akamweleza kwamba chakula ni kuni. Mwili huchoma unachohitaji, kinachobaki hukipanga stoo. Kila chakula kina kiasi chake cha moto, na wataalamu wamekwisha kukipima, hamri kwa hamri. Anayetaka stoo ipungue lazima ahesabu kila kinachoingia kinywani, na atembee kila siku.

"Uandike kwenye daftari," akasema Amini.

"Mikono yangu mtana kutwa ina gundi na ngozi. Taandikaye?" Shekhan alitia mkono mfukoni akatoa tasbihi yake. "Hapa pana shanga tisini na tisa. Huo moto wako hauingii humu?"

Amini akavuta karatasi, akaanza kugawanya. Hamri moja, shanga tisa. Mkate wa mofa, shanga sita. Sahani ya wali wa nazi, thelathini. Kipande cha halwa cha ukubwa wa kiganja, ishirini nzima. Kahawa chungu haina kitu. Tasbihi ikiisha, kula kumekwisha mpaka kesho.

Siku ya kwanza tasbihi iliisha kabla ya adhuhuri. Shekhan aliitazama asiamini, kama mtu aliyeambiwa kisima chake hakina maji. Hapo ndipo udadisi ulipomwingia, na fundi akidadisi humkomeshi. Kwa nini samaki wa kuchoma awe shanga nane, na yuyo huyo akikaangwa awe kumi na tano? Tende moja je? Na papai? Alimwandama Amini kwa maswali hata dresa wa watu akawa akimwona mbali anapita uchochoro mwingine.

Akaenda pia kwenye ghala moja la pwani linalopima mbata, akajipandisha kwenye mizani mwenyewe. Frasila saba na nusu, uzito wa wanaume wawili. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini.

Akaanza kutembea. Alfajiri ya kwanza alifika forodhani tu, akapumzika mara mbili, akarudi kwa aibu. Wiki ya tatu alifika kijiji cha Shela. Wiki ya sita alikuwa akishika njia ya Kipungani, kupita mashamba ya minazi, na kurudi kabla jua halijakaza. Shati lilianza kumpwaya. Asubuhi moja, akisimama mlangoni, aliinamisha shingo akaona ncha za makubadhi yake. Akamwita Bi Swafiya aje kuona, naye akaja mbio akidhani ni nyoka.

Sasa, watu wa Amu si vipofu. Walimwona anapita alfajiri, haamkui mtu kwa kuwa pumzi haimtoshi, tasbihi mkononi. Walimwona harusini akila matonge matatu ya pilau, akisogeza shanga kila tonge, kisha akatikisa kichwa na kunawa. Bwana Gunia, aliyekuwa akimaliza sinia na kuramba ukingo! Jirani yake, Bi Mwanaarabu, ndiye aliyepata jibu: fundi amepewa uradi, dua ya kukariri kwa shanga, na masheikh usingizini, na huko Kipungani anakokwenda haendi bure, anazuru kaburi. Kabla ya Ijumaa mji mzima ulikuwa unalijua jambo ambalo mwenyewe halijui.

Masinia yakaanza kuja. Biriani ya kutafuta baraka, halwa ya kuombewa dua. Aliyarudisha, tena kwa uchungu, maana harufu ya samli haina huruma. Na kila alipolirudisha moja, utakatifu wake ukazidi. Wazee waliomtania jana walimbusu mkono leo. Nisimfichie mtu: alipendezwa. Kilemba cha ukoka nacho kina kivuli chake. Tena aliogopa. Wakijua kwamba anahesabu mahamri, watamcheka hata ashindwe kutoka nje, na asipotoka nje hatausahau ule mkeka wala hataufikia.

Akanyamaza. Mpaka Bi Mwanaarabu alipokuja amembeba mjukuu wake na bakuli la maji.

"Fundi, mwana hawezi. Mpulizie mai haya."

Shekhan alisoma Fatiha, akampulizia, akamwambia ampeleke kwa Amini. Bi Mwanaarabu akaitikia, akaenda zake nyumbani. Ya nini zahanati, na maji ya walii anayo? Kesho yake homa ilikuwa imepanda, mtoto macho juu, na Bi Swafiya ndiye aliyemnyakua akakimbia naye mpaka zahanati. Amini alimwahi kwa dawa. Bi Swafiya aliporudi, hakukaa.

"Ndia ya mwongo ni fupi, Bwana, hata akitembea mpaka Kipungani kila siku."

"Sikusema uwongo."

"Hukusema kitu. Nao wamekubusu mkono."

Shekhan aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Siku tatu nyuma alikuwa amejaribu kusujudu chumbani, peke yake, akaona magoti yanakubali. Alikuwa akiingoja Ijumaa.

"Siwezi kuweka kitwa tini na haya yamo ndani yake," akasema. "Tawaambia leo. Nawateke, kicheko hakiui."

Magharibi hiyo, kabla ya swala kukimiwa, alisimama mbele ya safu, tasbihi juu.

"Jamaa, mimi si walii. Uradi sina. Shanga hizi nahesabia mahamri. Hamri moya ni shanga tisa, mwulizeni Amini. Na yule mwana karibu afe kwa kimya changu. Niwieni radhi."

Kisha mzee mmoja akauliza, "Na sambusa?"

"Saba."

Msikiti ukaangua kicheko, na Mwalimu Badawi akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Shekhan alisimama pale pale akichekwa, hana pa kujificha. Mwalimu alipotulia akaamuru swala ikimiwe. Fundi akarudi nyuma kwenye nafasi yake, akakiangalia kigoda, akakisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

Safu iliposhuka, alishuka nayo. Magoti yalialika. Mikono ikagusa, kisha pua, kisha paji la uso, na harufu ya mkeka wa ukindu wa Kipungani ikampanda puani, ile ile ya utotoni. Alilia bila sauti. Imamu aliinuka, safu ikainuka, yeye bado yuko chini, hata jirani yake akaingiwa na hofu.

Baada ya salamu watu walimzunguka, na hakuna aliyecheka.

"Fundi, u mzima?" akauliza Mwalimu Badawi.

"Ni mzima, Mwalimu," akasema Shekhan, alama ya mkeka imemganda usoni. "Nalikuwa nimeshafika, sikutaka kuondoka."