Kinyozi Aliyechelewesha "Hapana"

Kinyozi wetu wa Likoni alirudi na jeshi la Keya kutoka vita vya Burma, na tangu hapo kunyolewa naye ni darasa. Wembe ukishafika kooni, pale usipoweza kubisha, kidole chake kidogo husimama naye huanza. Mchina mmoja mchunga nyumbu alimfundisha kwamba kwa Kichina ukitanguliza "si" mbele ya "wote", baadhi wamekuja. Ukitanguliza "wote", hakuja hata mmoja. Mjapani, asema, ni mjanja zaidi: hukutembeza sentensi nzima ukitumaini, kumbe kukanusha kwake kunakungoja mwishoni. Naye kinyozi kaiga. Ukimwuliza kama ana nafasi, atakuulizia watoto, atakupangusia kiti, ndipo akwambie hana.

Jumamosi moja, nikiwa nimenyolewa shavu moja, aliingia Bi Mwanarehema.

"Shikamoo, mama," kinyozi akasema.

Hakuitikia. "Mwanangu, watu wasema ile meli ya askari ilipozama, wote hawakuokoka. Na kijana wangu Ishaka?"

Mimi na wateja waliongoja zamu tukajiweka tayari kwa safari ndefu ya maneno.

"Yu hai, mama," kinyozi akasema papo hapo. "Wallahi, nimemwacha hospitali Kolombo, anakula vizuri."

Bi Mwanarehema akaketi sakafuni kwenye nywele zetu, akalia, akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Kinyozi akarudi kwenye shavu langu la pili. "Lakini wenzake," akaanza polepole, "wale vijana wetu wote waliopanda naye..."

Wembe ukasimama. Mimi, ambaye kila siku humhimiza afike mwisho, nikamwomba aniongeze povu.