Kitambaa cha Meza Kwenye Kiwanja cha Kumi na Nane

Ukungu bado umelala juu ya Ziwa Harrow, na Arlene Hoekzema amepiga magoti katika bafu la wanawake, anazibua sinki kwa waya. Yanatoka maharage, zinatoka tambi, linatoka ganda la yai. Juu ya bomba kuna kibao kinachokataza kuosha vyombo hapo.

"Wanajua kusoma, tena sana," anasema bila kuinua kichwa. "Ila mtu akiwa likizo, kibao anamsomea jirani yake."

Nje, kambi inaamka. Harufu ya kahawa na nyama ya kukaanga inapita kati ya mahema. Mwanamume mmoja aliyevaa ndala anamuuliza Arlene mbona maji ya moto yamechelewa, kisha anaondoka kabla ya kujibiwa.

Arlene ana miaka hamsini na tisa. Tangu Mei hadi Oktoba husafisha vyoo, huzoa majivu na kukagua viwanja vya kupigia mahema katika hifadhi hii ya jimbo, kaskazini mwa Marekani, kwa dola kumi na nne kwa saa. Theluji ikianguka huenda kufungasha matufaha kwenye ghala la mji wao wa Fennick, mwendo mfupi kutoka getini.

Watu wa Fennick walikuwa wakisema ziwa hili ni lao, na walikuwa na utaratibu wao. Wiki ya kwanza ya Julai kila baba alitoka kazini, akapakia hema na watoto, akaja. Aliyewahi kufika alitandika kitambaa kwenye meza ya kiwanja anachokitaka, akakikandamiza kwa mawe, na hapo pakawa pake. Hakuna aliyegusa kitambaa cha mwenzake, hata kama mwenyewe ameenda mjini kununua nyama. Familia ya akina Hoekzema siku zote ilitandika cha kwao kiwanja cha kumi na nane, chini ya misonobari, karibu kabisa na maji.

Siku hizi nafasi hukatwa kwenye mtandao, miezi sita kabla. Januari, wakati Fennick wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari, watu wa miji mikubwa wamekwisha kumaliza viwanja vyote vya Julai. Wazee wa Fennick hutania kwamba kulala porini nako sasa kunapangwa kama harusi. Hutania, halafu hurudi kulala nyumbani kwao.

Julai ya mwaka jana, mama yake Arlene, Bi Mina, aliruhusiwa kutoka hospitali na moyo uliochoka. Aliomba jambo moja: alale usiku mmoja kando ya ziwa, asikie maji akiwa kitandani. Harlan, mdogo wake Arlene, dereva wa lori la maziwa, hakuuliza mtu. Alipakia hema na kitanda cha mama, akamweka mama mbele, akaja. Kiwanja cha kumi na nane kilikuwa kitupu. Akatandika kitambaa.

Kwenye nguzo palikuwa na kadi yenye jina la familia moja ya jiji la Chicago, iliyokata nafasi ya siku tatu. Jua lilikuwa linashuka na hawajaonekana. Wapiga kambi wa jirani wakaenda getini kulalamika kwamba kuna wenyeji wamevamia kiwanja cha watu. Msimamizi akamtuma aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Arlene.

"Dada, hao watu wako wapi?" Harlan alimuuliza.

"Hawajafika."

"Basi wakifika tutaondoka. Mama alale tu."

Arlene akamwambia sheria inataka kiwanja kiwangojee mpaka siku zao tatu ziishe.

"Na mama amngojee nani?"

Msimu uliotangulia mfanyakazi mwenzake Arlene alimfungulia binamu yake kiwanja kitupu, na kesho yake hakuwa na kazi. Arlene aliyaondoa mawe moja moja, akakikunja kitambaa cha mama yake, akampa Harlan.

"Niliogopa," anasema. "Sina neno zuri zaidi ya hilo, na nimelitafuta."

Bi Mina hakushuka garini wala hakumtazama bintiye. Alisema tu, "Harlan, washa gari. Hapa si kwetu tena."

Watu wa Chicago hawakuja. Siku zote tatu kiwanja kilikaa kitupu, na kila asubuhi Arlene alipita na reki yake kwenye shimo la moto lisilo na jivu. Baadaye alisikia getini kwamba walikuwa wameshika viwanja kwenye maziwa matatu, wakasubiri kuona wapi hapatanyesha. Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Ziwa Harrow ulikata upande mmoja tu.

Bi Mina alifia hospitalini Agosti. Baada ya maziko, kanisani, Harlan alizungusha sinia la mikate ya nyama, akamkaribisha kila mtu. Alipofika kwa dada yake alipita kama anapita nguzo. Tangu siku hiyo hawajasemezana.

"Ana haki," anasema Arlene. "Lakini na mimi nilifiwa. Hilo hakuna anayelikumbuka."

Januari iliyopita alikwenda maktaba ya Fennick, akakaa mbele ya kompyuta kabla saa ya kufungua nafasi haijafika. Alikipata kiwanja cha kumi na nane, wiki ya kwanza ya Julai. Jina aliloandika ni la Harlan. Ujumbe aliupitisha kwa Trudy, mke wa Harlan. Trudy anasema mumewe aliusikia, akaendelea kula.

Wiki hiyo inaanza Jumamosi hii. Arlene anaikunja waya yake, ananawa mikono, na anasema haombi kusamehewa. Anataka mdogo wake aje na watoto, wawashe moto, walale pale walipolala wazazi wao.

"Nimeomba zamu ya vyoo vya upande wa pili wa ziwa," anasema, "asije akafika getini, akaniona, akageuza gari."