Gari la Maksai Lenye Dari

Mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na lami, yale waliyopaka ekseli za magari ya maksai, yana harufu isiyotoka puani. Nimezeeka, nimezika watu wengi, na bado nikiipata harufu inayofanana nayo kwenye gereji za mjini natapika. Watoto wangu hudhani ni tumbo. Enzi za Mjerumani, kabla ya vita, magari hayo ya Makaburu yalipita chini ya Tengeru yakielekea Moshi, maksai kumi na sita wakihema, na sisi watoto wa mlimani tuliteremka mbio migombani kuyatazama. Moja lilikuwa na dari. Mwenyewe alikuwa amepigilia sakafu ya pili ya mbao juu ya nguzo, magunia ya mahindi yakae chini na abiria wapande juu. Nililitamani gari lile kuliko nguo mpya.

Siku yangu ikafika. Shangazi alikuwa anabatizisha mtoto huko Moshi, na babu, baba yake baba, akasema tutakwenda kwa gari: yeye, wazee watatu wa rika lake, mama yangu na mimi. Baba hakuwepo, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani na hatukujua yuko wapi. Basi siku hiyo gari halikuwa na gunia hata moja. Filipo, mwendeshaji, akatuambia waziwazi, "Leo chini ni kutupu. Wazee wazito mkae chini, mama na mtoto wapande juu. Mkikaa juu nyinyi, kule korongoni gari litalala ubavu." Wazee wakamcheka. Nyumbani kwetu mke wa mtu hakai juu ya kichwa cha baba mkwe wake, hata kwa ngazi moja. Ni aibu ya kuhamisha mtu kijiji. Babu akapanda darini na wenzake wakamfuata, wanaume wanne wenye miili, na mbao zikalia. Mama na mimi tukaachiwa chini, peke yetu kama kuku tengani.

Mama alikuwa ameyasikia maneno ya Filipo na alikuwa ameyaamini. Lakini hakuwa na ruhusa ya kusema na babu ana kwa ana. Alipompita alifunika uso, na neno lolote kati yao lilipitia kwangu. Akaniambia, "Mwambie babu yako mwendeshaji amesema kweli, washuke." Nikazunguka upande wa pili, nikainua kichwa, nikasema. Babu akacheka, "Nishuke, mama yako anikalie kichwani?" Nikarudisha jibu. Mama akafikiri kidogo, akanishika bega. "Basi mwambie mimi nitatembea kwa miguu. Juu pabaki patupu, wao wakae chini."

Jamani, nilikuwa na miaka minane! Mama akitembea, nami ningetembea. Ningekaa kwenye vumbi siku nzima nikitazama mgongo wa gari nililolitamani miezi na miezi. Nikazunguka upande wa pili, nikasimama nyuma ya gurudumu kubwa, nikahesabu vidole vyangu vya mkono mmoja, nikarudi. Nikasema, "Amekataa." Mama akanitazama, akapumua, akapanda akakaa chini. Nilikaa karibu naye nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, nikaning'iniza miguu nyuma na kuwapungia watu njiani.

Kule korongoni gurudumu la kulia lilipanda jiwe. Si kubwa, mtu angelivuka bila kulitazama. Gari likainama, wazee wote wanne wakateleza upande mmoja, na uzito wao ukalimalizia. Filipo alipiga kelele kwa maksai. Mama akanisukuma mgongoni kwa mikono miwili, nikaangukia nje, nyuma, kwenye tope. Wazee walitupwa majanini wakaumia magoti na mbavu. Dari lilimwangukia mama. Walipoliinua alikuwa amekufa, macho bado wazi.

Wiki ile ya msiba babu aliketi na majirani, nami nimeshika kibuyu chake cha pombe ya ndizi. Akasema, "Angesema tu kwamba atatembea, ningeshuka saa ile ile." Wote wakaitikia kwamba mwanamke yule alikuwa mkaidi. Nikammiminia pombe nyingine. Baba alirudi akaambiwa vivyo hivyo, akaamini, akaoa mwingine. Babu alikufa akiamini. Nikabaki mimi peke yangu ninayejua.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya basi la ghorofa aliloliona ng'ambo. Akanieleza kwamba uzito wote wa mashine uko chini, na juu hairuhusiwi kusimama. Mkewe alikuwa anaandaa chakula, na mwanangu, baba mkwe wake, amekaa mlangoni. Yule binti akamwambia mbele ya watu wote, "Baba, hebu sogea hapo, utaungua na hiki chungu." Mwanangu akasogea, wala hakuinua macho kutoka kwenye gazeti lake. Watoto wakashangaa bibi yao analia nini. Ningewajibu nini? Maneno machache tu, mtu kamwambia mkwe wake kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna aliyekufa. Mama yangu alikuwa na mimi tu wa kumsemea.