Mkono Mwingine wa Asukulu

Nyuma ya mlango wangu hapa Troyeville kuna msumari, na kwenye msumari nimetundika glavu ya ngozi, nene na pana kama mkate wa duara. Mvua ikikaribia inanuka. Ngozi kwanza, halafu mawese, maana waliniambia ngozi hii inataka mafuta isipasuke, na mimi mafuta niliyokuwa nayo ni mawese. Ikawa rangi ya chungwa mpaka leo. Basi harufu ile ikinipiga, sipo Johannesburg tena. Niko jikoni kwa bibi yangu, milimani juu ya Uvira, ningali mtoto, na mkono wangu wa kushoto umefungwa.

Ndiyo, umefungwa. Nilizaliwa mtu wa kushoto, na kwetu kushoto si mkono wa kula, wala wa kusalimia, wala wa kumpa mtu mkubwa kitu. Chakula kikiiva, bibi alichukua kipande cha kitenge cha zamani, laini kama sikio la mtoto mchanga, akanifungia mkono ule kiunoni. Nilikula na wa kulia, nusu ya ugali ikaenda chini. Kuku walinipenda sana. Walikuja kabla sijakaa.

Siku moja nilizunguka nyuma ya jiko nikamkuta bibi anamenya mihogo. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto, na kilikuwa kinakimbia, wenzangu, maganda yanaanguka marefu bila kukatika. Aliponiona akakihamishia kulia, maganda yakaanza kutoka vipande vipande. Nikaona kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto alama imezunguka, inang'aa. Nikadhani ni ya bangili.

"Umetumwa na nani huku?" akaniuliza.

Nikakimbia. Lakini swali lilinikaa. Bangili gani hiyo, mbona sijawahi kumwona ameivaa?

Miaka ikaenda, vita vikatutoa kwetu, tukajikuta huku. Mwanangu akamwoa Furaha, msusi, wakamzaa Asukulu. Kijiko chake cha kwanza mtoto akakishika na kushoto. Nikacheka peke yangu. Furaha hakucheka. Hakumfunga, lakini alikuwa anamgonga vidole na mwiko: "Mkono gani huo?" Mtoto akajifunza: wa kulia mbele ya wakubwa, wa kushoto akiwa na wenzake. Nilikuwa namwona dirishani akirusha mawe na kushoto, anaangusha makopo yaliyopangwa juu ya ukuta, hakosi. Nikanyamaza na raha yangu.

Shuleni wakaleta mchezo unaitwa besiboli. Nilimwuliza maswali mpaka akachoka. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na gongo, halafu anakimbia kuzunguka uwanja, anarudi pale pale alipoanzia.

"Sasa kama anarudi, si angebaki tu?"

"Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "hapo ndipo anapata pointi."

"Kwa kurudi?"

"Kwa kurudi."

"Eish. Na sisi tuliozunguka nchi zote hizi tungekuwa na pointi ngapi?"

Akiwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, akaja kocha kutoka upande wa Randburg, anatafuta watoto wa kupeleka shule moja ya michezo, wasome bure na wafundishwe mpira vizuri. Nafasi ya mrushaji ilibaki moja. Furaha akasema, "Ukiikosa, mpira basi. Jumamosi unakuja kufagia saluni." Asubuhi ya majaribio Asukulu hakugusa chai. Furaha alikuwa na wateja, kwa hiyo nikaenda naye mimi, na kusema kweli hata angekuwa hana wateja ningeenda.

Kocha alichuchumaa mwenyewe kudaka. Mzee, ndevu nyeupe tupu. Asukulu akarusha na kulia, mpira ukaenda kwenye senyenge. Wa pili ukaangusha chupa ya maji ya mtu.

"Huyu anatuwinda sisi," mtoto mmoja kwenye benchi akasema, wenzake wakacheka.

Kocha akasimama, akajipangusa magoti. Na mimi najua, mtu akijipangusa magoti amemaliza.

Hapo nikaelewa. Zile ndevu. Mtoto wetu atamrushiaje mzee kama yule kitu na mkono wa kushoto? Afadhali akose nafasi.

Nikashika senyenge. "Asukulu! Rusha na ule mwingine."

Akaangalia huku na huku. "Mama yuko?"

"Hayuko. Na huyo mzee hatakasirika. Mimi ndiye nakuruhusu."

Kocha akamwuliza gogo, yaani bibi, anasema nini. Mtoto akajikuna kichwa. "Anasema nina mkono mwingine."

"Basi tuuone," kocha akasema, akachuchumaa tena.

Asukulu akavua glavu ya shule, akaiweka kwenye majani. Akainamisha kichwa kwa yule mzee, kama anaomba radhi mapema. Halafu mpira ukatoka. Sikuuona. Niliusikia tu ukifika, pa, kama mlango uliosukumwa na upepo. Kocha akavua glavu yake, akatazama kiganja, akaivaa tena.

"Tena," akasema. Na tena. Mwishowe akamwuliza, "Kijana, kwa nini ulinificha huu?"

"Sikuficha, baba. Ni heshima."

Glavu ya msumarini ni kocha aliyempa, ya kuvaa kulia, ili wa kushoto ubaki huru. Asukulu alimaliza nayo shule ile, akachezea timu ya jimbo, na sasa timu moja ya ng'ambo imemwandika kazi. Kazi kabisa, analipwa kwa kurusha mpira. Akitupigia simu ya video anakula, Furaha anasogeza uso kwenye kioo: "Mkono gani huo?" Na mwanamume mzima anahamisha kijiko.

Siku aliyosafiri aliniachia glavu. Nilipobaki peke yangu nikaivaa, mkono wa kulia ukazama ndani, wa kushoto ukabaki nje mbele ya macho yangu. Nikakitazama kifundo chake. Safi, hakuna alama yoyote, na miaka yote ile ulifungwa. Kitambaa hakiachi alama. Kamba ndiyo inaacha.

Haikuwa bangili, wenzangu. Bibi yangu walimfunga na kamba. Zamu yangu ilipofika akatafuta kitenge, akakifua mpaka kikalainika, ndipo akanifunga.