Barua Kumi na Moja Mbele ya Kikao

Wanaume wengine barua walizowaandikia wake zao hukaa kabatini pamoja na vyeti. Zangu zilisomwa na mwenyekiti, kwa sauti, mbele ya watu tisa na sinia la pilau, na katibu akaziandikia muhtasari. Miaka miwili imepita, na bado nikikumbuka napandwa na hasira, ingawa siku hizi sijui hata niielekeze kwa nani.

Nieleze vizuri. Mimi ni Mtanzania niliyekuja Stockholm kusoma nikabaki. Serikali ya hapa iliniajiri kupima maji ya chini ya ardhi, kazi ambayo ukimwambia mtu anadhani unamtania. Wiki mbili au tatu za kila mwezi nilizunguka na gari la ofisi kwenye misitu ya kaskazini, nikitafuta mabomba membamba yaliyochomekwa ardhini zamani. Unafungua kifuniko, unateremsha tepu ndefu, ikigusa maji inalia, unaandika kina, unafunga, unakwenda kwenye bomba jingine. Mke wangu ni Mkongomani wa Uvira. Anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Vällingby, na sisi tunaishi Husby, ghorofa ya nne, na binti yetu mmoja.

Kisha uchumi ukadorora. Kwenye redio ya gari hawakuwa na habari nyingine: viwanda vinafunga, maduka yanafunga, watu wanapunguzwa. Serikali nayo ikaamua kubana matumizi, na kwetu kubana kwenyewe kukawa hivi: ofisi ya Stockholm ifungwe, kazi zote zihamie mji mmoja wa kaskazini, saa saba kwa treni kutoka hapa. Anayetaka kazi yake ahame nayo. Asiyetaka apewe mkono wa kwaheri. Tulipewa mpaka mwisho wa Mei tuwe tumejibu.

Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Pale Husby niliwajua wahandisi wa kutoka kwetu wanaosafisha mabehewa ya treni, na watu wenye Kiswidi kizuri kuliko changu waliotuma maombi ya kazi majira yote ya baridi bila kuitwa hata mara moja. Sikuhitaji kukokotoa chochote. Kwangu jambo lilikuwa wazi kabisa, tunahama, na kilichobaki ni mke wangu kuona nilichokuwa nakiona mimi.

Nilimpigia simu nikiwa kwenye kituo cha mafuta. Dakika mbili hazikuisha, wote wawili tukawa tunaongea kwa pamoja. Akasema kama nina neno zito niliandike, maana kwenye simu napiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe. Akakata.

Basi nikaandika. Mtu mzima na akili zangu, nikaingia duka la kijijini kununua bahasha na stempu, na yule muuzaji akaniangalia kana kwamba nimemwomba mafuta ya taa. Jioni, kwenye vyumba vya wageni vyenye jiko la umeme la sahani moja, nilikuwa nasonga ugali wa semolina, nakula, nasukuma sahani pembeni, naandika.

Na niliandika kweli, siyo kugusagusa. Barua ya kwanza ilikuwa ya afya na hali ya hewa. Ya pili, nyumba: vyumba vitatu na baraza, bila ile foleni ya kungoja nyumba kwa miaka hapa Stockholm. Ya tatu, shule. Nilikwenda mwenyewe na mabuti yangu ya msituni, nikaongea na mwalimu mkuu, nikahesabu mpaka viti vya darasani. Ya nne, kituo cha wazee kinachotafuta wafanyakazi kwa udi na uvumba. Ya sita, kanisa. Nilizunguka Jumapili nzima nikalipata, familia nane za Wakongomani, na kwaya isiyo na sauti ya pili, ambayo ndiyo sauti ya mke wangu. Humo katikati nilichomeka maneno ya mtu na mkewe. Kwamba mgongo wangu unapata baridi bila yeye. Kwamba nimeanza kuongea na tepu.

Posta nayo ikanitia wazimu. Barua hapa huletwa siku moja, siku ya pili hakuna, na zile za kutoka msituni zilijiendea zinavyotaka. Barua niliyomwomba radhi kwa kumwita mkaidi ilifika siku mbili kabla ya ile niliyomwita mkaidi. Akanipigia kuuliza namwomba radhi ya nini. Nikalazimika kumwambia asubiri mpaka Alhamisi.

Lakini majibu hakuna. Nikimpigia, ananiambia zimefika. Nikimuuliza amezionaje, ananiambia zimefika. Binti yetu nilimuuliza kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba mama anazisoma mezani, kila moja mara mbili, halafu anaziweka kwenye bati la biskuti. Kusoma mara mbili nikakuchukulia kuwa dalili nzuri. Nikaongeza kasi. Safari ile ilirefuka ikawa wiki tano, na katika wiki hizo nilituma barua kumi na moja.

Nilirudi Jumamosi moja ya katikati ya Mei, saa tisa alasiri, mfuko begani. Harufu ya pilau ilinipokea kwenye ngazi. Mlangoni nikakuta viatu vimepangwa, vingi, vya wanaume na wanawake, na nikajua. Mtanzania akiona viatu vingi mlangoni kwake na hakuna msiba wala sherehe, anajua ni kikao.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa akitucheka Watanzania kwa vikao vyetu. Alikuwa akisema hatuwezi kununua birika bila mwenyekiti, katibu na akidi. Kwao, alisema, watu wawili wakigombana wanagombana mpaka yaishe. Sasa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa ameitisha kikao dhidi yangu. Pale kwenye kiti changu alikaa mzee wetu, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi, ambaye ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Kando yake mama mmoja wa Kikenya kutoka Sundbyberg, daftari limeshafunguliwa. Wengine walikuwa watu wa kanisani kwa mke wangu na Watanzania wenzangu. Na juu ya meza, bati la biskuti.

Mzee akanionyesha kiti cha plastiki cha kwenye roshani. Akaniambia, "Kaa, mdogo wangu. Ajenda ni moja tu, halafu mengineyo."

Nikasema barua zile nilimwandikia mke wangu, sikuwaandikia wao. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo maana zimeletwa na mwenyewe aliyeandikiwa. Akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alizisoma zote. Zilichukua zaidi ya saa nzima, maana mwandiko wangu ni mbaya na kila mara alinigeukia kuniuliza neno. Alipofika kwenye ule mgongo unaopata baridi alikohoa. Katibu akauliza kama sehemu hiyo iingie kwenye muhtasari. Mwenyekiti akasema iingie kwa kifupi. Mimi niliangalia zulia. Mke wangu alikaa karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, hakuniangalia hata mara moja.

Lakini jambo la ajabu likaanza kutokea: watu wakawa upande wangu. Mmoja wa kanisani alisema mume anayetafuta mpaka sauti ya pili ya mkewe si mume wa kuchezea. Mwingine alitaka kujua zile nyumba zenye baraza zimebaki ngapi. Mzee akakunja barua ya mwisho, akasema kwamba kwa upande wake hajaona kosa, ameona mtu aliyefanya kazi yake ya nyumbani. Nikaanza kunyoosha mgongo kwenye kile kiti cha plastiki. Nilifikiri yameisha, na kwamba kuaibishwa kwangu angalau kumezaa kitu.

Ndipo mke wangu akaomba nafasi.

"Mzee, aksanti," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo njo ni ndiyo yetu. "Barua njo zote hizi, hakuna yenye nilificha. Sasa munionyeshe fasi aliniuliza."

Mzee akauliza, "Mahali alipokuuliza nini, mama?"

"Kama ninataka."

Mzee akafungua tena barua ya mwisho. Kisha akazigawa. Kila mtu akapewa moja au mbili, miwani ikatoka mifukoni, na watu tisa wakaanza kutafuta, katibu akifuata mstari kwa ncha ya kalamu. Nami nikachukua mbili, nikiwa na uhakika kabisa, maana mimi ndiye niliyekaa wiki tano kwenye vile vyumba nikibembeleza. Nilijua nimebembeleza. Nikasoma maandishi yangu mwenyewe: utalipenda jiko. Mtoto atazoea. Tutaondoka mwezi wa nane. Usiwe na wasiwasi, kila kitu nimekiangalia. Nikageuza upande wa pili. Kumbe nilimwandikia mke wangu kama nilivyoandikia ofisi, vipimo nimeshachukua na hali ni hii.

Mmoja mmoja wakazirudisha mezani. Swali halikupatikana. Nikasema mimi, kwa ukali nisiojivunia, kwamba barua zote kumi na moja ni swali, kwamba mtu hahesabu viti vya darasani kama haulizi. Mzee akaniambia nimwache mama amalize.

Hakuwa na mengi. Alihesabu kwa vidole. Kutoka Uvira mpaka mpakani kwa miguu, kwa sababu ya bunduki. Kambi ya kwanza. Kambi ya pili, kwa sababu ya kwanza ilifungwa. Kisha nchi ya watu, ambayo aliiona kwanza kwenye karatasi aliyoambiwa aweke kidole gumba. Kisha mji mdogo wa Sweden uliochaguliwa na ofisi, kisha mwingine, ule wa kwanza ulipojaa. Nilikuwa nayajua yote hayo, nilishayasikia mara nyingi, na nilijiona mume mwema kwa kuyajua.

"Nilihamaka mara saba," alisema, "na ya saba njo wewe. Ulinipigia simu niko ku darasa, ukasema umepata nyumba Husby, ufunguo iko kwa jirani."

Ni kweli. Nilipiga simu ile nikiwa na furaha nusura nidondoshe simu yenyewe. Miaka yote nilikuwa nikiisimulia kwa watu kama siku niliyomfaa mke wangu kuliko zote.

Mzee hakutoa uamuzi. Alimwambia katibu aandike kwamba jambo limerudishwa kwa wenyewe. Kwenye mengineyo mtu akauliza habari ya pilau. Wakala, wakasifu, wakatafuta viatu vyao, na kila aliyeniaga alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, jambo lililonikera kuliko hotuba zote.

Walipoondoka nilikwenda kuosha vyombo, kwa sababu nilitaka kupiga kelele na vyombo vilikuwa vingi. Nilisugua masufuria yale kwa hasira. Nilikuwa na hasira na serikali, na posta, na yule aliyeuliza pilau, na zaidi ya wote na mke wangu, ambaye angeweza kuniambia neno hili moja kwa simu kuanzia barua ya kwanza na kuniokolea stempu kumi. Kwa nini watu tisa? Kwa nini bati zima la biskuti? Alikuja akasimama kando yangu na taulo, akaanza kufuta sahani. Jua lilikuwa bado juu ya majengo.

Nikazima maji. Nikamuuliza, na haikutoka vizuri, ilitoka na kisirani chote cha mchana ule, lakini niliuliza: anataka tuhamie kule?

Alifuta sahani ile mpaka ikakauka kabisa.

"Hapana," alisema.

Barua kumi na moja za sababu zilikuwa mezani chumba cha pili, na zote zikanijia mdomoni kwa wakati mmoja. Kazi yangu. Umri wangu. Wahandisi wa mabehewa. Yeye alikuwa amesimama tu, sahani ameikumbatia kifuani, akinitazama usoni kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Nikasema sawa. Nikasema Jumatatu nitawaandikia kwamba siendi.

Hakufurahi, kama nilivyodhani angefurahi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, sahani bado kifuani. Kisha akaniambia kwamba barua zile alizijibu zote, kichwani, kila moja, na kila alipofika kwenye hapana aliona nikimjibu kwamba basi nitakwenda peke yangu. Ndiyo maana aliwaita. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mke wangu alikuwa amewajaza watu tisa sebuleni kwa sababu aliogopa kunikatalia tukiwa wawili.